Sura ya Tano: Mvua Isiyokatika, Homa Isiyoshuka

Kwenye ramani ya hali ya hewa, mvua huandikwa kwa nukta. Nukta mbili zikikaa ubavu kwa ubavu, ni mvua nyepesi inayonyesha mfululizo. Nukta mbili hizo hizo zikipandana, moja juu na moja chini, ni mvua ya wastani inayokatika na kurudi. Alama hizo ni za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na mtabiri wa Dar es Salaam huzisoma sawasawa na mwenzake wa London. Kiingereza huiita ile ya kwanza "continuous" na ile ya pili "intermittent". Redioni sisi husikia "mvua za mfululizo" na "vipindi vya mvua", na hakuna msikilizaji anayehitaji kuelezwa tofauti yake.

Mwenye karafuu kule Pemba haihitaji hata redio. Mvua ya vipindi humchosha, lakini humwachia nafasi: anaanika, wingu likitanda anaanua, jua likirudi anaanika tena. Mvua isiyokatika haimwachii kitu. Karafuu hulala ndani siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, na ukungu huanza kuzishika. Mvua ni mbili, na hasara ni mbili.

Nimeanza na mvua kwa sababu maneno ya sura hii ni yale ambayo sisi tuliojifunza Kiingereza darasani huyatia kapu moja. "Continual", "continuous", "constant", "incessant", "perpetual", "relentless", "everlasting": yote tumeyapokea kwa tafsiri zile zile mbili tatu, "bila kukoma", "daima", "siku zote". Nami niliyabeba hivyo miaka mingi, mpaka kazi ya kutafsiri iliponilazimisha kuyatenganisha. Kila moja lina mahali pake, na mengi hubeba pia moyo wa msemaji, iwe ni kuchoka, kusifu au kulalamika.

Tuanze na mapacha wawili, "continual" na "continuous". Asili yao ni moja, kitenzi cha Kilatini "continere", yaani kushika pamoja. Humo ndimo lilimotoka pia neno "continent", kwani Warumi waliita bara "nchi iliyoshikana", kinyume cha visiwa vilivyotengwa na maji. Mtu wa Unguja anaposema anakwenda bara, anasema kitu ambacho Mrumi angekielewa mara moja. "Continual" ndilo lililotangulia kuingia katika Kiingereza, katika karne ya 14, kupitia Kifaransa. "Continuous" lilikuja karne ya 17. Kwa hiyo kwa takriban miaka 300 pacha wa kwanza alifanya kazi zote mbili peke yake, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye wasomi wa Kiingereza waliwagawia kazi. H. W. Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilitoka mwaka 1926, aliishika kanuni hii: "continual" ni jambo linalojirudia tena na tena, likiwa na mapumziko kati yake, na "continuous" ni jambo lisilo na ufa tangu mwanzo hadi mwisho. Simu zinazoingia ofisini kutwa nzima, moja baada ya nyingine, ni "continual". Mngurumo wa jokofu ni "continuous". Mtoto anayeamka mara sita usiku humpa mama yake usumbufu wa "continual". Mtoto anayelia tangu saa nne za usiku hadi alfajiri bila kunyamaza, kilio chake ni "continuous". Ni kanuni nzuri, na mwandishi makini huifuata hadi leo. Lakini lugha haikuifuata yote. Wanafunzi wa Kenya wanaijua mitihani inayoitwa CAT, yaani "Continuous Assessment Test". Mitihani hiyo huja kwa nafasi, leo mmoja, baada ya wiki kadhaa mwingine, na kwa kipimo cha Fowler ingepaswa kuwa "continual". Sisemi hivyo kuwakosoa walimu. Matumizi yameishinda kanuni hapo, na mwanafunzi anayeandika "Continual Assessment" atakuwa amekosea jina la kitu hata kama ameshika kanuni.

Sasa tazama Kiswahili kinavyofanya kazi hiyo hiyo. Hatukuiweka tofauti hiyo katika vivumishi, tumeiweka ndani ya kitenzi. "Mtoto hulia usiku": kiambishi hu- kimekwisha kukuambia kwamba ni jambo la kujirudia, na halina haja ya kivumishi. "Mtoto alikuwa akilia": -ki- imekuonyesha kilio kikiendelea. Kisha tuna vitenzi ambavyo Kiingereza hakina neno moja la kuvilinganisha navyo. "Alishinda akilia" ni kulia mchana kutwa, "alikesha akilia" ni kulia usiku kucha, na "alizidi kulia" ni pale ulipomwambia anyamaze naye akaendelea, tena kwa nguvu. Mvua nayo hushinda, na mvua hukesha. Mtafsiri anayekutana na "it rained continuously all day" kisha akaandika "mvua ilinyesha kwa kuendelea siku nzima" hajakosea sarufi, lakini ameacha ghalani chombo kizuri kuliko vyote. Mvua ilishinda ikinyesha. Maneno matatu, na hakuna kilichopotea.

Safari ya upande wa pili ndiyo yenye mashimo. Sarufi ya Kiingereza ina hali inayoitwa pia "continuous", ile ya kitenzi chenye -ing, na darasani tumezoea kuambiwa kwamba -na- yetu ndiyo -ing yao. "Anasoma" ni "he is reading", kwa hiyo mwanafunzi anahitimisha kwamba "anajua" ni "he is knowing". Mwalimu humkata kwa kalamu nyekundu, mara nyingi bila maelezo. Maelezo yapo, na si magumu. Kwa Mwingereza -ing ni ya tendo linalosonga, lenye mwanzo na mwisho, ambalo mtu anaweza kulikatiza. Kusoma hukatizwa. Kujua hakukatizwi, ni hali mtu aliyomo. -na- yetu haijali mpaka huo, hupokea tendo na hali kwa mkono mmoja. Mwanafunzi akielezwa hivyo mara moja tu, atayaelewa makosa yake kumi kwa pamoja.

Kuna jambo lingine katika kapu hili ambalo sikulitilia maanani mpaka nilipoyapanga maneno kwenye karatasi. Mengi yake ni ya kukanusha. "Incessant" ni lisiloacha. "Ceaseless" ni lile lile kwa vazi jingine. "Endless" ni lisilo na mwisho. "Interminable" ni lisilo na mpaka, kutoka "terminus", jiwe la mpakani, ambalo Warumi waliliheshimu kiasi cha kulifanya mungu na kulifanyia sikukuu tarehe 23 Februari. "Uninterrupted" ni lisilovunjwa katikati. Nasi tunafanya vivyo hivyo: bila kukoma, bila kikomo, pasipo kusita, isiyokatika. Tofauti ni kwamba Mrumi aliona kitu kikivunjika na sisi tunaona kikikatwa. Ndiyo maana kifaa cha kulinda kompyuta umeme unapokatika kinaitwa kwa Kiingereza kifaa cha umeme usiovunjika.

Kwa nini kukanusha? Nadhani ni kwa sababu kuendelea kwenyewe hatukuoni. Mapigo ya moyo, upepo wa kusi, mlio wa mawimbi kwa aliyezaliwa ufukweni: hayo hayatajwi. Tunayataja pale tulipokuwa tunangoja yaishe nayo hayakuisha. Ndani ya "incessant" yupo mtu aliyekuwa akingoja kimya. Kwa hiyo neno hilo huambatana na mbwa wanaobweka, majirani wanaopiga muziki, mvua inayoharibu, maneno yasiyokatika ya mtu anayechosha. "Unceasing" lina mzizi ule ule, tena maana ya kamusi ni ile ile, lakini lina upole. Ukimwambia Mwingereza kwamba sala za mama yako zilikuwa "unceasing", umemsifu mama. Ukisema zilikuwa "incessant", atadhani zilikuwa zikikukosesha usingizi.

"Relentless" ni kali zaidi. Katikati yake lipo neno la Kilatini "lentus", lenye maana ya kitu laini, chenye kukunjika, kisicho na haraka. "To relent" ni kulegea, kulainika moyo baada ya ukali. Basi "relentless" ni asiyelegea, na neno hilo hudai mtu hata pasipo na mtu: jua la "relentless" ni jua tunalolihisi kana kwamba lina moyo na limekataa kutuhurumia. Kiswahili kinasema "jua halina huruma". Hapo lugha mbili zimekutana bila kuagana.

Ndugu yake ni "unremitting". "Remittere" ni kurudisha, kisha kulegeza kamba iliyokazwa. Kutokana na maana ya kurudisha, Kiingereza kimepata "remittance", zile fedha ambazo mtoto aliye Muscat au Minneapolis huwatumia wazazi nyumbani. Kutokana na maana ya kulegeza, kimepata "unremitting", yaani kisichopungua ukali hata kidogo. Neno hili tutalirudia hospitalini.

Maneno yasiyo ya kukanusha yana tabia nyingine. "Constant" ni kusimama pamoja, na hulingana vizuri na "thabiti" yetu. Rafiki wa "constant" ni rafiki wa kweli; joto la "constant" ni joto lisilopanda wala kushuka. "Perpetual" ni la wanasheria na mafundi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 253, inasema kwamba kila tume huru ni chombo chenye "perpetual succession" na mhuri wake, na sheria zinazounda mashirika huku kwetu zimejaa maneno hayo. Maana yake ni nyepesi kuliko sauti yake: makamishna watakufa, watastaafu, wataondolewa, lakini tume haifi pamoja nao, deni lake na mali yake vinabaki vyake. Neno hilo halisemi kwamba chombo kitaishi milele, kwa maana sheria inaweza kukivunja hata kesho. Anayelitafsiri kwa "urithi wa milele" amepotoka. Maana yake ni kudumu licha ya kubadilika kwa watu waliomo.

Kwa mafundi "perpetual" ina historia ya huzuni. Kwa karne nyingi watu wenye akili walipoteza maisha yao wakitafuta mashine ya "perpetual motion", itakayozunguka yenyewe bila kulishwa chochote. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutochunguza tena mapendekezo ya mashine za namna hiyo. Sayansi ya joto ya karne ya 19 ilieleza sababu: kila mashine hupoteza nguvu kwa msuguano na joto, na kilichopotea hakirudi bure.

Hadi hapa karibu maneno yote ni ya Kilatini, na picha zake nyingi ni za mikono na miguu iliyotulia: kushika, kusimama, kulegeza, kuvunja. Chini yake lipo tabaka la zamani zaidi, la Waingereza wenyewe kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, na huko ndiko nilikofurahi kupita kote. "Always", neno ambalo mtoto wa shule ya msingi hulijua, mwanzo wake ni "njia yote". Lilikuwa neno la safari kabla ya kuwa neno la wakati. Kitenzi "to last", kudumu, kinatokana na kufuata nyayo, na ni jamaa ya "last", kile kiatu cha mti au chuma ambacho fundi viatu hukitumia kama mguu. Kudumu, kwa mkulima wa Kiingereza wa zamani, kulikuwa kuendelea kufuata nyayo njiani. Na lile "last" lenye maana ya mwisho? Halina undugu nalo. Limetokana na "late", yaani lililochelewa kuliko yote. Maneno mawili ya asili mbalimbali yamekuja kufanana sura yakiwa na maana zinazopingana, ndiyo maana mwanafunzi anayesoma "the last supplies will last" hukwama, na ana haki ya kukwama.

Fikiria sasa neno letu "endelea". Toa viambishi vyake vya unyambuaji utabaki na enda. Mswahili akisema jambo linaendelea, anasema bado linatembea. Hata "fululiza", kitenzi kilichotupa mfululizo, ni kwenda au kutenda bila kusita, na jamaa yake "fuliza" limekuwa jina la huduma ya mkopo wa simu iliyozinduliwa Kenya mwaka 2019, kwa ahadi kwamba muamala hautakatika salio likiisha. Mzungumzaji wa Kiingereza cha kale na mzungumzaji wa Kiswahili, wasiojuana kabisa, walichagua picha moja ya mtu aliye njiani. Sitaki kuikaza hoja hiyo kupita kiasi, kwa sababu "still", nalo ni la kale, lina maana ya kutulia tuli, na kutokana na utulivu huo likaja kumaanisha "bado". Lakini kwa mwalimu, "njia yote" na "enda" ni daraja zuri la kumvushia mwanafunzi.

Matabaka hayo mawili, la wenyeji na la Kilatini, yamekaa bega kwa bega katika kitabu ambacho Waingereza wengi walikisikia maisha yao yote. Katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611, Injili ya Yohana sura ya 3, mstari wa 15 unataja uzima wa "eternal" na mstari wa 16, unaofuata palepale, unataja uzima wa "everlasting". Msomaji anaweza kukesha akitafuta tofauti ya uzima huo na huo. Katika Kigiriki neno ni moja. Watafsiri walisema wazi katika dibaji yao kwamba hawakujifunga kutumia neno moja la Kiingereza kwa kila neno la asili, maana lugha yao ilikuwa na maneno mengi na hawakutaka kuyabagua. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "uzima wa milele" katika mistari yote miwili. Kwa uaminifu kwa Kigiriki, naona Kiswahili kimeshinda hapo.

Kuna mahali ambapo hatushindi, nalo ni neno "endelevu". Liliundwa vizuri kabisa, kutoka kitenzi chetu wenyewe, na katika "maendeleo endelevu" linafanya kazi ya "sustainable". Lakini siku hizi nalikuta kila mahali: tathmini endelevu, mafunzo endelevu, uboreshaji endelevu, hata mvutano endelevu. "Sustainable" ni kushikiliwa kutoka chini, kama boriti inavyoshikilia dari. Linauliza kama jambo litaweza kubeba uzito wake miaka ijayo bila kula akiba ya watoto. "Continuous" haliulizi swali hilo hata kidogo. Kisima kinachosukuma maji usiku na mchana ni "continuous", na hicho hicho kikikausha maji ya ardhini si "sustainable". Ukiviita vyote viwili "endelevu", umeficha hasa lile ambalo wanakijiji walihitaji kulijua kabla ya kutia saini. Kwa "continuous" tunayo mfululizo, bila kukatika, na kushinda. Kwa "continual" tunayo kila mara, mara kwa mara, na hu-. "Endelevu" tulibakize kwa kazi lililoundiwa.

Nimeliacha la hospitali mpaka mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito. Katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki mgonjwa hueleza kwa Kiswahili na faili huandikwa kwa Kiingereza. Katikati ya hizo lugha mbili yupo mtu mmoja mwenye kalamu, tena ana foleni nje. Kiingereza cha madaktari kina homa tatu. "Continuous" ni ile inayokaa juu mchana na usiku, isiyotofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1 ndani ya saa 24. "Remittent" hushuka, yaani hulegea, lakini haifiki chini mpaka mwili upoe. "Intermittent" hushuka mpaka joto la kawaida, mgonjwa akaomba uji, kisha ikarudi. Baadhi ya malaria hurudi hivyo kwa kipimo, moja kila baada ya saa 48, nyingine kila baada ya saa 72. Ile iliyoenea zaidi kwetu, ya falsiparamu, mara nyingi haina mpangilio nadhifu, kwa hiyo hakuna daktari anayepaswa kuitambua kwa saa pekee. Kipimo cha damu ndicho hukata shauri. Hata hivyo mwendo wa homa ni habari, na habari hiyo inapotea mgonjwa akisema "homa haiishi" na mwenye kalamu akaandika "continuous fever".

Maana "homa haiishi" inaweza kuwa yoyote kati ya zile tatu. Mama anayesema hivyo huenda anamaanisha kwamba wiki ya pili sasa inakuja na kuondoka, huenda anamaanisha kwamba tangu jana mtoto hajapoa hata dakika moja. Basi wewe uliye na kalamu, kabla hujaandika neno la Kiingereza, muulize kwa Kiswahili: ikishuka, mwili hupoa kabisa au hubaki na moto? Na ikisharudi, hurudi saa ile ile au wakati wowote? Maswali mawili tu. Andika alichojibu.